Kilomita 21 za gizani huko Disney: je, mwili wa zamu ya usiku una faida?

*"Daktari, salamu kutoka Columbus, Ohio. Nina miaka 43, kwetu ni Tanga, na ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku, saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, siku nne kwa wiki. Mwenzangu kazini amenishawishi tujiandikishe nusu marathoni ya Disney kule Florida, ile ya Wine & Dine, mwishoni mwa Oktoba. Zimebaki wiki 18. Yeye alikimbia 2014 na anasema inaanza saa nne usiku, ila mimi nimeandikiwa saa kumi na moja alfajiri. Ananiambia nifanye mazoezi yote usiku ili mwili uzoee giza, na kwamba mimi nina faida kwa sababu usiku ndiyo mchana wangu. Kwa sasa nakimbia na kutembea kilomita 5 kwa dakika 42. Goti la kulia huuma nikishuka ngazi. Natumia kidonge cha presha kila siku. Nimesikia pia kwamba ukichelewa unapakiwa kwenye basi mbele za watu, na hilo ndilo linaloninyima raha. Je, nitaweza? Nilale saa ngapi, nile nini?"*

Pole na zamu, dada. Nianze na jibu ili mengine uyasome umetulia: ndiyo, kwa wiki 18 na kasi uliyo nayo, unaweza kumaliza kilomita 21, mradi goti na kidonge cha presha vishughulikiwe mapema. Giza halinipi wasiwasi mkubwa. Usingizi wako unanipa.

Kwanza nimalize ubishi wenu wa saa. Mwenzako anasema kweli, ila anazungumzia mbio za wakati ule. Wine & Dine ilipoanza mwaka 2010 ilikuwa ya usiku hasa: watu waliondoka saa nne usiku, wakapita ndani ya bustani za burudani za Disney taa zikiwaka, wakamalizia Epcot, mojawapo ya bustani hizo, ambako sherehe ya vyakula iliendelea mpaka usiku mkubwa. Mwaka 2015 radi ziliwachelewesha, na njia ikakatwa hadi kubaki karibu maili 7 badala ya 13.1. Tangu 2016 mbio zikahamia alfajiri. Giza bado utalipata, na la kutosha, kwa sababu mwishoni mwa Oktoba jua la Orlando huchomoza karibu saa moja na nusu asubuhi, na saa kumi na moja inayotajwa ni ya kundi la kwanza. Makundi ya nyuma huondoka baadaye kidogo.

Nimelieleza hilo kwa kirefu kwa sababu ushauri wa mwenzako unatokana na mbio zile. Mtu anayeanza kukimbia saa nne usiku mwili wake bado una joto la jioni, misuli imelegea na chakula cha siku nzima kimo ndani. Tatizo lake ni uchovu wa kutwa. Anayeanza saa kumi na moja alfajiri yuko upande wa pili kabisa. Joto la ndani la mwili hupanda na kushuka kwa mzunguko wa siku nzima, na kwa watu wengi hufika chini kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri. Hapo viungo ni vigumu, tumbo linafanya kazi polepole, akili ni nzito, na kasi ile ile uliyoiona nyepesi jana jioni utaiona nzito.

Sasa utasema: lakini mimi saa hizo huwa macho! Ni kweli, na hapo ndipo wafanyakazi wengi wa zamu wanapojidanganya. Kuwa macho ni jambo moja, na saa ya ndani ya mwili kugeuka ni jambo jingine. Saa hiyo huongozwa zaidi na mwanga. Ukitoka kazini saa moja asubuhi unakutana na jua. Siku zako za mapumziko unaishi mchana na familia kama watu wote. Kwa hiyo mwili haupati nafasi ya kugeuka, na wafanyakazi wengi wa usiku hubaki na saa ya mchana wakiilazimisha kufanya kazi usiku. Faida uliyo nayo ni ya uzoefu: unajua mwili unavyokuwa saa kumi za usiku, hautakushtua. Hasara yako ni deni la usingizi, maana usingizi wa mchana kwa kawaida huwa mfupi na mwepesi. Misuli na mifupa hujijenga zaidi wakati wa kupumzika. Ukiongeza mazoezi bila kuongeza usingizi, unaongeza uchakavu.

Kwa hiyo usifanye mazoezi yote usiku. Mbio zako fupi, mbili kwa wiki, zifanye jioni ukishaamka na kabla ya kwenda kazini, saa kumi au kumi na moja hivi. Mbio ndefu ya wiki iweke siku ya pili ya mapumziko, ukiwa umelala usiku mmoja kamili. Na nakuomba hili ulishike: usitoke zamu ukaenda moja kwa moja kwenye mbio ndefu. Nimeshatibu wengi walioumia kwa mtindo huo, miguu ikiwa imesimama usiku kucha na macho yamechoka, halafu mtu anakanyaga ukingo wa barabara vibaya. Tena utaendesha gari kurudi nyumbani, na usingizi kwenye usukani ni hatari kuliko chochote kitakachokupata kwenye mbio.

Mazoezi ya alfajiri yawepo, ila machache. Manne au matano katika wiki kumi za mwisho yanatosha, na yafanye kama mazoezi ya jukwaani: amka saa nane usiku, kula kile utakachokula siku yenyewe, vaa nguo na raba zile zile, uanze saa kumi na moja. Unachofundisha hapo ni tumbo lipokee chakula saa isiyo yake, na macho na miguu vizoee kuhukumu ardhi usiyoiona vizuri. Gizani watu hufupisha hatua na kukaza mabega bila kujijua. Vaa fulana ya kuakisi mwanga na taa ya kichwani, kimbia ukitazamana na magari, na usiende peke yako. Huyo mwenzako aliyekuingiza kwenye shughuli hii aamke naye.

Sasa hilo basi. Sharti la Disney ni uweze kwenda maili moja kwa dakika 16 au chini ya hapo, yaani kilomita moja kwa dakika 10 kasoro kidogo. Kwa kasi hiyo nusu marathoni huchukua saa 3 na dakika 30. Nyuma ya kundi la mwisho kabisa huenda wanawake wenye maputo wakishika kasi hiyo, na hao ndio mpaka wa kupakiwa kwenye basi. Wewe leo kilomita moja unaimaliza kwa dakika 8 na nusu hivi. Ukipunguza kasi kwa ajili ya umbali bado unapita. Tufanye hesabu pamoja: kimbia dakika moja kwa mwendo wa kilomita 7.5 kwa saa, tembea dakika moja kwa kilomita 5.5 kwa saa. Wastani ni 6.5, na kilomita 21.1 zinaisha kwa saa 3 na robo. Una akiba ya dakika 15, na zaidi kama kundi lako litaondoka kabla ya lile la mwisho.

Mpango huu wa kukimbia na kutembea kwa zamu ulienezwa na Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 katika Olimpiki ya Munich 1972 na baadaye akawaandalia washiriki wa mbio za Disney programu za mazoezi. Wengi huuona kama njia ya wanyonge. Sivyo. Ukianza kutembea kwa zamu tangu dakika ya kwanza, misuli inapumzishwa kabla haijachoka, na kilomita ya 18 inafanana na ya 8. Anayesubiri achoke ndipo atembee, mwisho wake hutembea tu.

Akiba yako ya dakika 15 italiwa na vitu viwili: choo na picha. Njiani kuna wahusika wa Disney wamesimama kupigwa picha, na foleni zao ni ndefu. Mimi nisingekukataza, maana watu wanasafiri kwa ajili hiyo. Ila angalia saa kwenye kila alama ya maili: zidisha namba ya maili kwa 16. Maili ya 5 mpaka ni dakika 80. Kama umefika kwa 72, simama upige picha moja. Kama ni 78, mpungie mkono uendelee. Na kama utapakiwa kwenye basi, dada, hakuna anayekuzomea. Basi huchukua watu kila mwaka, wengi wao wakiwa wamechoka na wanashukuru kukaa.

Umbali uongeze polepole kuliko pumzi yako itakavyotaka. Moyo na mapafu huanza kuitikia ndani ya wiki chache. Kano na mifupa huchukua miezi. Mfupa unaopewa mzigo mpya hubomoa sehemu yake kwanza ndipo ujenge upya, na kwenye wiki za katikati huwa dhaifu kidogo kuliko mwanzo, wakati huo huo wewe unajisikia una nguvu za kwenda mbali. Hapo ndipo nyufa za mifupa hutokea. Anza mbio ndefu na kilomita 6, ongeza moja au moja na nusu kwa wiki, na kila wiki ya tatu rudi chini. Ukifika 17 au 18 wiki tatu kabla ya safari, inatosha. Kilomita zilizobaki utazipata siku yenyewe.

Goti linalouma kwenye kushuka ngazi mara nyingi ni maumivu ya mbele ya goti, pale pia ya goti inapokandamizwa juu ya mfupa wa paja. Usikubali mtu akuambie umemaliza gegedu, ule utando laini wa ncha za mifupa, kwa kukimbia. Wanaokimbia kwa kujifurahisha hawaugui baridi yabisi ya kuchakaa kwa viungo kuliko wasiokimbia. Kwa kawaida tatizo ni mzigo kuzidi nguvu za paja na nyonga. Siku tatu kwa wiki, chuchumaa nusu na kuinuka mara 12, panda na kushuka kibao kifupi kwa mguu mmoja mmoja, inua makalio ukiwa umelala chali. Maumivu yakiwa madogo na yakiisha kufikia kesho yake, endelea. Yakipanda wiki hadi wiki, au goti likivimba, likikwama au likikuachia ghafla, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia akushike kwa mikono. Ukiona uchungu umekaa sehemu moja ya mfupa unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole, na unauma hata umelala, acha kukimbia siku hiyo hiyo na uombe kipimo.

Sasa kidonge, na hapa nakuomba umwone daktari wako kabla ya kuongeza umbali. Hukutaja jina lake, na jina ndilo linaloamua. Kama ni cha kukojosha, mfano haidroklorothiazaidi, kinatoa maji na sodiamu, yaani chumvi, mwilini, na hilo lina uzito mtu anapotoka jasho kwa muda wa saa tatu. Kama ni cha kupunguza mapigo, mfano atenololi au metoprololi, saa yako ya mkononi itakudanganya kuhusu mapigo ya moyo, na itabidi ujipime kwa pumzi: je, unaweza kuzungumza sentensi nzima? Usiache kidonge wala kubadilisha muda wake kwa uamuzi wako. Mweleze daktari pia kama kifua hubana, kama umewahi kuzimia, au kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Na ukiwa na presha, usimeze ibuprofeni, ile dawa ya maumivu, kabla au wakati wa mbio. Pamoja na upungufu wa maji na baadhi ya dawa za presha, huumiza figo.

Linaloambatana na hilo ni maji. Utaambiwa unywe kila kituo, unywe kabla ya kiu. Kwa mkimbiaji wa saa tatu na zaidi ushauri huo una hatari, kwa sababu wa polepole ndiye mwenye muda mwingi wa kunywa na jasho dogo zaidi kwa saa. Maji yakizidi, sodiamu kwenye damu inashuka na ubongo unavimba. Watafiti walipopima damu za wakimbiaji 488 wa Boston Marathon mwaka 2002, asilimia 13 walikuwa na sodiamu chini ya kiwango, na wengi wao ni waliokunywa hata uzito ukaongezeka. Kunywa ukisikia kiu, basi. Kichwa kikiuma sana baada ya mbio, ukatapika, vidole vikavimba au ukaanza kuchanganyikiwa, nenda kwenye hema la matibabu uwaambie ulivyokunywa na dawa unayotumia.

Kuhusu hewa ya Florida, wewe wa Tanga hutashangaa. Alfajiri hakuna jua la kukuchoma, na hiyo ni nafuu kubwa, lakini ndipo hewa inapojaa unyevu zaidi. Jasho hupoza mwili linapokauka, na kwenye hewa iliyoshiba maji linachuruzika tu. Nyuzi 20 za Orlando alfajiri zinaweza kukulemea kuliko nyuzi 20 kavu za Ohio. Mwili huhitaji kama wiki mbili za joto ili uzoee, nawe utakuwa unatoka kwenye baridi ya Oktoba. Sioni haja ya kukuhangaisha na mavazi mazito wala maji ya moto ili kuuzoesha mwili joto, hasa na presha yako. Punguza kasi maili tatu za kwanza, uone mwili unasemaje.

Usingizi wa safari ndio ninaoujali kuliko vyote, kwa hiyo usipange kwa kukisia. Mbio ni Jumapili alfajiri, nawe una njia mbili. Ya kwanza ni kubaki na ratiba ya zamu, yaani ulale Jumamosi mchana kutwa, ukeshe, uende mbio ukiwa umeamka tangu jioni. Wengine huipenda, ila utaanza ukiwa na saa kumi za kukesha, na utamaliza ukiwa hoi. Ya pili, ninayoipendekeza: zamu ya mwisho iishe Alhamisi asubuhi. Lala kidogo mchana, jilazimishe kukaa hadi saa mbili usiku. Usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi ndio usingizi wako mkuu, lala kwa muda wa saa tisa kama unaweza. Jumamosi mchana lala kwa muda wa saa moja na nusu, halafu ingia kitandani saa mbili usiku bila kujisumbua. Pengine usingizi hautakuja, kwa sababu jioni ya mapema ni muda ambao mwili hukataa kulala. Usihofu. Usiku mmoja mbaya hauondoi nguvu za miguu, huongeza tu hisia ya uchovu. Wiki moja mbaya ndiyo inayoumiza. Na Jumamosi usizunguke kwenye bustani kutwa. Najua tiketi ni ghali, lakini ni rahisi kutembea kilomita 15 mle ndani bila kujua. Zungukeni Jumapili jioni au Jumatatu.

Chakula ni rahisi. Jumamosi kula mlo mkubwa saa kumi na moja jioni: wali na samaki au kuku asiye na mafuta mengi. Maharage na pilipili viache mpaka umalize. Saa nane na nusu usiku, vipande viwili vya mkate na asali, ndizi, na chai. Njiani, baada ya dakika 45 za mwanzo, tende kubwa mbili kwa kila saa zinakupa sukari kuliko pakiti moja ya jeli za wakimbiaji za dukani, kama tumbo lako limezizoea kwenye yale mazoezi ya alfajiri. Utafika mapema na kusubiri muda mrefu umesimama, kwa hiyo beba sweta la zamani utakaloliacha pale na mfuko wa plastiki wa kukalia. Dakika kumi kabla ya kundi lako kuondoka, chezesha nyonga na vifundo vya miguu, tembea papo hapo kwa nguvu. Mwili wa saa kumi na moja unahitaji kupashwa moto kuliko wa jioni.

Na leo hii, kabla ratiba ya kazini haijajaa, omba ruhusa ya Jumapili na Jumatatu usiku. Usipande ndege Jumapili mchana ukaingia zamu saa tano usiku kuinua wazee kitandani ukiwa na mapaja yaliyokakamaa. Wakikunyima Jumatatu, omba angalau kazi isiyo ya kuinua. Ukishajua jina la kidonge, niandikie tuone kama mpango wa maji ubadilike.